Klomifeni, letrozoli au sindano: dawa ipi ya kupevusha mayai inakufaa?

Dada mmoja alikuja dirishani kwangu ameshika pakiti ya klomifeni. Vidonge vilikuwa kumi, vimebaki vitano. Vitano vya kwanza alivimeza wifi yake, na mwezi uleule akashika mimba. "Naomba uniambie tu nianze siku ya ngapi," aliniambia. Hedhi yake ilikuwa imepotea miezi minne, ndoa ina miaka mitatu, na kila wakutanapo ndugu kuna jicho linalomtazama tumbo.

Nimetoa dawa kwa miaka mingi na ombi kama lake nimelisikia kwa sura nyingi. Wengine huuliza ipi ina nguvu zaidi, wengine ipi inaleta mimba haraka, wengine ipi inaleta mapacha. Mimi humrudisha muulizaji nyuma hatua moja: kwako wewe, yai limekwama wapi? Dawa iliyomfaa wifi inaweza isikufae hata kidogo, na kosa linakuwa la kubahatisha, si la dawa wala la mwili wako.

Mahali yai linapokwama

Kila mwezi tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, pituitari, hutuma homoni iitwayo FSH. Ovari zikiipokea huanza kukuza vifuko kadhaa vyenye mayai. Kimoja hutangulia wenzake na kutoa homoni ya kike, estrojeni, kwa wingi, ubongo ukiihisi hupunguza FSH, na vile vilivyobaki nyuma hunyauka. Kifuko kilichotangulia kikikomaa, homoni ya LH hupanda ghafla na yai hutoka.

Shirika la Afya Duniani limegawa matatizo ya yai kutopevuka katika makundi makuu matatu. Kundi la kwanza, ubongo hautumi amri: mara nyingi ni wanawake waliokonda mno, wanaofanya mazoezi makali kupita kiasi, au waliopitia msongo mzito. Kundi la pili, amri inatumwa lakini haina mpangilio. Hapa ndipo ilipo hali ya ovari zenye vifuko vingi, ambayo wengi wanaijua kwa herufi zake, PCOS, na kundi hili hubeba takriban wanawake 85 kati ya 100 ambao mayai yao hayapevuki. Kundi la tatu, amri inatumwa kwa sauti kubwa lakini ovari hazina mayai ya kutosha kuitikia. Pembeni kuna wale ambao prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, imepanda, au tezi ya thairoidi haifanyi kazi sawasawa.

Kwa hiyo kabla ya kidonge chochote kuna vipimo: homoni za damu (FSH, prolaktini, thairoidi), ultrasaundi ya ovari, kipimo cha mimba, na shahawa za mume. Naomba hicho cha mwisho kisirukwe. Karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto zina kasoro upande wa mwanamume, peke yake au pamoja na upande wa mke. Nimewaona wanawake waliomeza klomifeni mwaka mzima, wakavumilia joto la ghafla na maneno ya watu, kumbe mume hajawahi kupima. Kipimo chake ni rahisi kuliko vyote na hakimtoi hata tone la damu. Mirija ya uzazi nayo ina picha yake ya eksirei yenye dawa maalumu. Baadhi ya madaktari huiahirisha kama mwanamke ni kijana na hajawahi kuugua maambukizi ya via vya uzazi, lakini aliyewahi kuugua maambukizi hayo, kufanyiwa upasuaji wa tumbo au kutunga mimba nje ya kizazi asianze dawa bila picha hiyo. Dawa hizi hupevusha yai tu. Hazizibui mirija, na haziongezi mbegu za mume.

Klomifeni na letrozoli, ana kwa ana

Hapa ndipo wengi watakapochagua, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Klomifeni ndiyo ya zamani. Matokeo ya kwanza ya kupevusha mayai kwa dawa hii yalitangazwa mwaka 1961, na Marekani iliiruhusu rasmi mwaka 1967. Kwa miongo kadhaa ilikuwa ndiyo jibu la kwanza karibu kila mahali, na ndiyo maana bibi, shangazi na wifi wote wanaijua. Letrozoli ilikuja kwa mlango mwingine. Ni dawa ya saratani ya matiti kwa wanawake waliokoma hedhi. Mwaka 2001 watafiti nchini Kanada walichapisha taarifa kwamba inaweza kupevusha mayai kwa wanawake ambao klomifeni iliwashinda.

Zote mbili zinaufanya ubongo uamini kwamba estrojeni imepungua ili uongeze FSH. Njia ndiyo inayotofautiana, na tofauti nyingine zote zinaanzia hapo. Klomifeni hukaa kwenye mlango ambao estrojeni ingepitia na kuuziba. Estrojeni ipo, lakini ubongo hauioni. Letrozoli haizibi mlango wowote. Inapunguza utengenezaji wa estrojeni yenyewe kwa siku chache, kisha inaondoka.

Neno "inaondoka" lina uzito wake. Letrozoli hupungua nusu mwilini kwa takriban siku mbili, hivyo yai linapokaribia kukomaa dawa imeshakwisha kazi. Ubongo unaihisi tena estrojeni, unapunguza FSH, na kwa kawaida yai moja tu ndilo linalofika mwisho. Klomifeni haina haraka ya kuondoka. Sehemu yake moja hubaki mwilini kwa wiki kadhaa. Inaendelea kuziba mlango ubongoni, mayai mawili yanaweza kukomaa pamoja, na inaziba pia kwenye kizazi. Ndiyo sababu baadhi ya wanawake wakiitumia, utando wa ndani wa mji wa mimba huwa mwembamba na ule ute wa kuteleza wa siku za rutuba hukauka. Yai linatoka, lakini njia na makao yake vimeharibika kidogo.

Je, tofauti hii inaonekana kwa watoto wanaozaliwa? Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 750 wenye PCOS, waliogawanywa kwa kura na kupewa moja ya dawa hizi hadi mizunguko mitano. Waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 27.5 kwa letrozoli na asilimia 19.1 kwa klomifeni. Katika kila wanawake 100, ni kama wanane zaidi waliobeba mtoto. Faida ilionekana wazi zaidi kwa wenye uzito mkubwa. Mapacha walikuwa asilimia 3.4 ya mimba za letrozoli na 7.4 za klomifeni. Namba za mapacha zilikuwa chache mno kutoa hukumu, ila zinakwenda upande uleule tunaoutarajia. Tangu mwaka 2018 mwongozo wa kimataifa wa PCOS unaitaja letrozoli kuwa dawa ya kwanza, na toleo la 2023 halikubadilisha hilo.

Kwa hiyo kama una PCOS na daktari anakuandikia klomifeni, muulize kwa adabu kwa nini si letrozoli. Anaweza kuwa na sababu nzuri. Lakini anaweza pia kuwa anaandika tu alichozoea, na wewe ndiye mwenye miezi inayopita.

Madhara yake hayafanani. Klomifeni huleta joto la ghafla mwilini, hasira au machozi yasiyo na sababu, kichwa kuuma na tumbo kujaa. Ikikuletea ukungu wa macho, vimulimuli au kuona vitu viwili viwili, acha kuimeza na umwone daktari haraka, usimalizie dozi. Letrozoli huchosha zaidi na huleta kizunguzungu, na wengine hulalamika maumivu ya viungo. Kwa vile ni siku tano tu, wengi huvumilia yote mawili.

Kuna hofu moja ya letrozoli ambayo lazima niizungumzie, kwa sababu imewafanya wanawake warudishe dawa dirishani huku wakilia. Unafungua boksi, unasoma karatasi ya ndani, unakuta ni dawa ya saratani na kwamba wajawazito hawaruhusiwi. Utafikiri umepewa kwa makosa. Hukupewa kwa makosa: kampuni iliisajili kwa ajili ya saratani, madaktari wanaitumia kwa kazi nyingine iliyothibitishwa na tafiti. Hofu iliongezeka mwaka 2005, taarifa fupi iliyosomwa kwenye mkutano wa wataalamu ilipodokeza kwamba huenda inasababisha kasoro kwa watoto. Mwaka uliofuata watafiti wa Kanada waliangalia watoto wachanga 911 waliotokana na dawa hizi mbili: wenye kasoro walikuwa asilimia 2.4 kwa letrozoli na 4.8 kwa klomifeni. Hofu ile haikusimama. Onyo la wajawazito linabaki kweli kwa dawa zote mbili, na ndiyo sababu dawa huanzwa siku za hedhi, au baada ya kipimo cha mimba kuthibitisha kwamba hakuna kitu. Aliyekosa hedhi miezi minne asidhani kukosa hedhi ni ruhusa ya kuanza.

Dozi nazitaja ili ujue kilichoandikwa kwenye karatasi yako, si ili ujiandikie. Klomifeni kwa kawaida huanza miligramu 50 kwa siku, siku tano mfululizo, kuanzia kati ya siku ya 2 na ya 5 ya hedhi. Letrozoli huanza 2.5 au 5, ikipanda hadi 7.5, kwa siku hizohizo tano. Dozi huongezwa kama yai halikupevuka. Kama limepevuka lakini mimba haikuingia, kuongeza hakusaidii. Dozi hiyo imeshafanya kazi yake, na zaidi ya hapo unaongeza madhara na mapacha.

Klomifeni ina mahali inapobaki na heshima. Ina historia ndefu, inapatikana penye uhaba wa dawa, na bado ni chaguo halali pale letrozoli haipo au haijakubaliwa. Tena, ubora wa letrozoli umethibitika kwa PCOS, si kwa kila mtu. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 900 ambao ugumba wao haukuwa na sababu inayoonekana, wote wakiwekewa mbegu za mume kwenye mji wa mimba. Waliojifungua walikuwa asilimia 32.2 kwa sindano, 23.3 kwa klomifeni na 18.7 kwa letrozoli.

Na kama hedhi yako inakuja kila mwezi kwa mpangilio na mayai yanapevuka yenyewe? Basi kumeza kidonge nyumbani bila jambo jingine hakuna faida iliyoonekana. Utafiti wa Uskoti wa mwaka 2008 uliwafuata wanawake 580 wenye ugumba usiojulikana sababu. Waliomeza klomifeni walijifungua asilimia 14. Walioendelea kujaribu bila dawa, asilimia 17.

Metformini: msaidizi, si mpevushaji

Hii ni dawa ya kisukari inayosaidia mwili kuitikia insulini, na wengi wenye PCOS wana shida hiyo. Utafiti wa mwaka 2007 wa wanawake 626 ulionyesha waliojifungua kwa metformini pekee ni asilimia 7.2, kwa klomifeni pekee 22.5, kwa zote pamoja 26.8. Namba zinajieleza. Ni ya kuongezwa juu ya nyingine, hasa kama uzito ni mkubwa au sukari inaelekea kupanda. Inywe pamoja na chakula na uanze kidogo kidogo, maana kichefuchefu na kuharisha huwafanya wengi waiache wiki ya kwanza. Kwa aliyezidi uzito, kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake nako kunaweza kurudisha hedhi bila kidonge.

Sindano za FSH

Kwanza kisa kidogo ninachokipenda. Sindano hizi zilianza kwa mkojo. Mwanamke aliyekoma hedhi hutoa homoni hii kwa wingi kwenye mkojo, na katika miaka ya 1950 na 1960 watengenezaji walikusanya mkojo wa watawa wazee katika nyumba za watawa nchini Italia. Mtoto wa kwanza kwa njia hiyo alizaliwa Israeli mwaka 1962. Wanawake walioweka nadhiri ya kutoolewa waliwasaidia wengine kuzaa, na sidhani wengi wao walijua ni kwa kiasi gani. Siku hizi nyingi hutengenezwa maabara, ingawa za mkojo uliosafishwa bado zipo.

Vidonge huudanganya ubongo utume FSH. Sindano inaipeleka FSH moja kwa moja, bila kupitia ubongoni. Kwa hiyo kwa kundi la kwanza, ambao ubongo wao hautumi amri, sindano hufanya kazi pale klomifeni inaposhindwa: huwezi kuudanganya ubongo kwamba estrojeni imepungua wakati tayari imepungua na bado haujali. Hao huhitaji FSH pamoja na LH. Penye huduma hiyo kuna pia pampu ndogo inayotoa homoni ya GnRH kwa midundo kama ubongo wenyewe ungefanya, na mara nyingi huleta yai moja tu. Lakini aliyekonda kupita kiasi aanze kwa kurudisha uzito wake. Mimba kwenye mwili wenye njaa ina hatari zake.

Wengine wanaofaa sindano ni wenye PCOS ambao vidonge vimeshindwa. Kwao huanza kwa dozi ndogo, uniti 37.5 hadi 75 kwa siku, kisha huongezwa taratibu. Ovari ya PCOS imejaa vifuko vinavyosubiri amri, na ukiimwagia FSH nyingi vyote vitaamka pamoja.

Ndiyo maana sindano bila ultrasaundi za mara kwa mara ni hatari, na hapa sitapunguza ukali wa neno. Daktari akiona vifuko vitatu au zaidi vimekua, anapaswa kuwa tayari kusimamisha mzunguko huo, na wewe uwe tayari kukubali japo inauma. Katika utafiti ule wa mwaka 2015, karibu theluthi ya mimba za sindano zilikuwa za watoto zaidi ya mmoja. Najua wengi wanaombea mapacha. Nami nimewaona akina mama wakisubiri nje ya chumba cha watoto njiti, na siwezi kuuza mapacha kama zawadi. Mimba ya watoto wawili au watatu huongeza hatari ya kuzaa kabla ya wakati, shinikizo la damu na kutokwa damu nyingi.

Hatari ya pili ni ovari kuchochewa kupita kiasi. Tumbo huvimba kwa siku chache, uzito hupanda haraka, unatapika, mkojo unapungua, pumzi inakuwa fupi. Hiyo ni dharura ya hospitali siku hiyohiyo, usingoje kliniki ya wiki ijayo. Kwa vidonge huweza kutokea pia, ila kwa ukali huo ni nadra. Mara nyingi mzunguko wa sindano humalizwa kwa sindano ya hCG ya kulitoa yai, ambalo hutoka takriban saa 36 baadaye.

Kati ya vidonge na sindano kuna njia ya tatu kwa wenye PCOS: upasuaji wa matundu madogo ambao ovari huchomwa nukta chache kwa joto. Mapacha huwa wachache na hauhitaji kufuatiliwa kila mwezi. Lakini ni upasuaji, una makovu yake, na akiba ya mayai inaweza kupungua. Mimi ningeufikiria kwa yule ambaye vidonge vimemshinda na anaishi mbali na mahali pa kufanyiwa ultrasaundi kila baada ya siku mbili tatu.

Ambao dawa hizi si zao

Prolaktini ikiwa juu, dawa ni kabagolini au bromokriptini. Thairoidi ikiwa na kasoro, itibiwe yenyewe. Mara nyingi hedhi na yai hurudi bila kichocheo chochote.

Na kwa kundi la tatu, ambalo mayai yamekaribia kwisha kabla ya miaka 40, hakuna kidonge wala sindano inayotengeneza mayai mapya. Nasema hili polepole, kwa sababu ndilo kundi linalouziwa dawa nyingi zaidi za matumaini. Njia yenye nafasi kubwa kwao ni yai la kuchangiwa kwa upandikizaji wa mimba, kwa wanaokubaliana nalo, na ni haki yao kuambiwa mapema badala ya kuzungushwa miaka miwili kwenye klomifeni.

Ujaribu kwa muda gani?

Mizunguko sita ambayo yai limepevuka kweli inatosha kwa vidonge. Baada ya hapo, kurudia dawa ileile ni kupoteza muda. Aliyefikisha miaka 35 asingoje hata sita bila kuzungumza na daktari. Kujua kama yai limepevuka, pima projesteroni, homoni inayopanda kwenye damu yai likishatoka, takriban siku saba kabla ya hedhi inayofuata. Watu huiita siku ya 21, lakini hiyo ni kwa mzunguko wa siku 28. Wenye mzunguko wa siku 35 wapime siku ya 28, la sivyo wataambiwa yai halikutoka kumbe wamepima mapema. Vijiti vya mkojo vya kupima LH huwachanganya wenye PCOS, kwani LH yao inaweza kuwa juu muda wote. Kukutana na mume kila siku mbili au tatu kunatosha bila kuhesabu saa. Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, ianze sasa, kabla ya mimba.

Yule dada nilimuuliza maswali machache, na moja likamshtua: je, chuchu zinatoa maziwa? Akanyamaza, kisha akasema ndiyo, kwa miezi kadhaa, na hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu aliona aibu. Nilimwandikia kwenye karatasi neno prolaktini akampe daktari. Aliporudi alikuwa na cheti cha kabagolini, kidonge cha mara mbili kwa wiki, na majibu ya mume wake mkononi, safi. Pakiti ya wifi aliniachia niiteketeze.